Bima Iliyopigiwa Makofi

Siku ile mjinga alikuwa Mwinjaka, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, ukamuuliza nani alikuwa mjinga siku ile ya benki, atajigonga kifua kwa bisibisi yake nyembamba na kukwambia, "Mimi hapa. Tena usinipunguzie."

Lakini tumtendee haki kidogo. Ujinga alioufanya Mwinjaka, katika Jamhuri ya Heko hufundishwa shuleni tangu darasa la kwanza, na mtoto anayeufanya vizuri hupewa daftari na penseli.

Alikwenda na mkewe, Somoe, kuchukua mkopo wa nyumba. Nyumba yenyewe haikuwa ya kumtia mtu wivu: vyumba vitatu, bati lenye kutu upande mmoja, na ua ambao Somoe alishaugawa kichwani mwake, hapa kamba ya nguo, hapa mchicha, hapa kiti cha kukalia akiwa hataki kusemeshwa. Miaka kumi na tisa walikuwa wapangaji, na mwenye nyumba wao alikuwa na tabia ya kuingia bila hodi, kuja kukagua kama kuta bado ni zake. Riale elfu sitini, miaka ishirini. Benki ya Makazi na Mapenzi ya Wananchi ikakubali.

Kilichobaki ni Waraka wa Kinga. Sheria ya Heko, na ni sheria nzuri, inasema kila mkopaji wa nyumba awe na bima, ili akiugua au akikosa kazi, bima imlipie marejesho ya kila mwezi mpaka atengemae. Iko sheria ya pili, nzuri kuliko ya kwanza, isemayo kwamba mkopaji yuko huru kuinunua bima hiyo popote apendapo, na benki ni lazima imwambie hivyo. Na benki humwambia. Meneja, Bwana Ngwali, mtu mwenye tai pana kama kitambaa cha meza, alisimama akamweleza Mwinjaka habari za uhuru huo kwa sauti ya msibani, katikati ya kikohozi kimoja na kingine. Kisha akajaza mapafu.

"Kwa hiyo, ndugu mkopaji, Benki yako inakukinga! Inakukumbatia! Inakulea kama mboni ya jicho lake!"

Akanyamaza. Akangoja.

Sasa, mzaliwa wa Heko hawezi kuuacha ukimya wa namna ile ukae mtupu. Amelelewa kwa hotuba. Akisikia sauti imepanda halafu imekatika, mikono yake hukutana yenyewe, hata akiwa amelala, hata akiwa amebeba ndoo. Mwinjaka akapiga makofi.

Somoe alimvuta shati, lakini karani wa makofi, aliyekaa pembeni na kidude chake cha kuhesabia, alishamaliza kazi.

"Makofi sita," akasema, akiandika. "Yanahitajika matatu. Hongera, mzee, umeshasaini."

Maana Heko kuna Sheria ya Makofi. Hapo zamani Bunge lilipitisha mambo kwa kunyoosha mikono, ikaonekana waheshimiwa wanasumbuliwa usingizini. Kupiga makofi, kwa upande mwingine, waliweza bila kuamka. Mambo yakaenda haraka mno, hata serikali ikaona ni uchoyo kuwaachia wabunge peke yao neema hiyo. Leo mwananchi wa Heko huoa kwa makofi, hukodi kwa makofi na hukopa kwa makofi. Kalamu zimebaki kwa ajili ya kutia sahihi risiti.

*

Nyumbani, Mwinjaka alibandika kioo chake jichoni akausoma ule Waraka. Huenda alikuwa mtu wa kwanza nchini kuusoma, kwa sababu herufi zake zilikuwa ndogo kuliko meno ya gurudumu la saa ya kike. Alisoma, akatoa kioo, akakifuta, akasoma tena.

"Mama Zena," akasema, "bima ni riale elfu kumi na tano."

"Kwa mwaka?"

"Kwa mkupuo. Lakini usihofu, benki imetukopesha hizo nazo. Imeziongeza kwenye mkopo, na riba juu."

"Enhe."

"Sasa mkopo umekua, kwa hiyo hicho kilichoongezeka nacho kimekatiwa bima. Inaitwa Bima Binti. Elfu tatu. Nayo tumekopeshwa."

"Na huyo binti amezaa?"

"Amezaa. Mjukuu ni riale mia sita." Aliigeuza karatasi nyuma na mbele. "Ukoo umeishia hapo. Nafasi ya kuandikia ilikwisha."

Somoe aliweka chini sinia la mchele aliokuwa akiuchagua. Hakuwa mwanamke wa kulia kwa ajili ya fedha. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja, na Mwinjaka alikijua kabla hajaulizwa. Baba yake Mwinjaka alikuwa fundi saa, macho yakaingiwa na ukungu akiwa na miaka hamsini na miwili. Kaka yake mkubwa, fundi pia, yalimzimikia akiwa na hamsini kamili, na benki ikaja kuchukua nyumba. Yeye hakuona chochote, alisikia tu milango inang'olewa. Mwinjaka alikuwa na arobaini na minane, na macho yake bado yalikuwa makali kama ya kunguru. Bado.

"Macho je?" akauliza Somoe.

"Kifungu cha thelathini na moja," Mwinjaka akasema, akasoma polepole. "'Bima hii haitalipa endapo mkopaji atashindwa kufanya kazi kutokana na kiungo anachokitumia kazini.'"

"Mikono?"

"Naitumia."

"Mgongo?"

"Nauinamisha kutwa."

"Basi wanalipia nini hawa watu?"

Mwinjaka alitafuta. "Nyayo," akasema mwishowe. "Saa natengeneza nimekaa."

Halafu Somoe akacheka, kicheko kile cha mwanamke ambaye amekwisha kasirika akafika upande wa pili. "Baba Zena, umepigia makofi nyayo zako."

Chini kabisa ya Waraka, katika herufi zilizomtoa Mwinjaka machozi hata kwa kioo, iliandikwa kwamba aliyepiga makofi anaweza kuyaondoa ndani ya siku kumi, iwapo ataleta Cheti cha Kulinganisha kutoka Wizara ya Uhuru wa Kuchagua, pamoja na kampuni nyingine ya bima, ije yenyewe ijieleze mbele ya meneja.

"Siku kumi," akasema Somoe. "Utazunguka. Lakini ukienda na mikono hiyo mitupu utarudi umenunua meli." Akaingia jikoni, akatoka na mayai mawili mabichi, akamwekea moja kila kiganja. "Haya. Piga makofi sasa nikuone."

*

Wizara ya Uhuru wa Kuchagua ina mlango mmoja. Ukiingia unakuta foleni moja, inayofika kwenye dirisha moja, ambalo ndani yake siku hiyo alikaa ofisa aliyeitwa Bwana Pongwa, mtu mpole, mwenye masikitiko ya daktari.

"Unataka kuchagua?" akamuuliza Mwinjaka. "Kwani kuna aliyekuudhi?"

"Hapana, mheshimiwa. Nataka kulinganisha tu bima za mkopo."

"Kulinganisha." Bwana Pongwa aliliandika neno hilo pembeni, kama dalili ya ugonjwa. "Imekuanza lini?"

"Jana jioni, nilipousoma mkataba."

"Uliusoma?" Ofisa akavua miwani. "Wote?"

"Wote, mheshimiwa."

"Pole sana."

Kwa kuwa sheria inamtaka ofisa amhamasishe mwananchi kabla ya kumpa cheti, Bwana Pongwa akasimama, akatoa hotuba. Alisema Serikali ya Heko inajivunia ushindani. Alisema katika nchi nyingine watu hulazimishwa, lakini hapa mtu huchagua mpaka achoke. "Nani kama sisi?" akapaza sauti, akanyamaza.

Foleni nzima ikalipuka. Mama mmoja nyuma, aliyekuja kuomba tu kuonyeshwa choo, alijikuta ameandikishwa kuchangia ujenzi wa ghorofa ya Wizara kwa miaka minne. Mwinjaka, mayai mkononi, alitetemeka kama gari lililozimwa ghafla, jasho likamtoka, lakini hakupiga. Yai la kushoto lilitoa ufa kidogo.

Bwana Pongwa alimtazama kwa huzuni mtu yule wa pekee aliyekaa kimya, akagonga mhuri kwenye cheti, akakipenyeza dirishani kwa ncha ya kidole kama kitu cha kuambukiza.

*

Kampuni zote za bima za Heko ziko Mtaa wa Ushindani, zimepangwa upande mmoja ili zisishindane kwa kutazamana.

Kampuni ya kwanza, Ngao Kuu, ilikuwa na sakafu inayoteleza na mahali pa kuvulia viatu mlangoni. Bwana mmoja kijana kwa sura lakini mzee kwa suti alimhakikishia Mwinjaka kwamba wao hulipa kila kitu: macho, mikono, mgongo, hata huzuni.

"Kwa sharti gani?" akauliza Mwinjaka, aliyeanza kujifunza.

"Dogo sana, mzee wangu. Utuletee taarifa kwa maandishi siku saba kabla ya janga."

"Kabla?"

"Ndiyo, ili tujiandae. Wateja wengi hutuletea baadaye, wakati mambo yameshaharibika. Sasa hapo mtu anatusaidia nini?"

Kampuni ya pili iliitwa Tulizo. Yenyewe hulipa mtu akifukuzwa kazi.

"Mimi nimejiajiri, dada yangu," Mwinjaka akamwambia yule aliyempokea, mwanamke mchangamfu mwenye kucha za rangi ya machungwa.

"Hakuna tabu kabisa. Macho yakifa, unajifukuza. Unatuletea barua ya kujifukuza, yenye sababu, tunachunguza kosa ni la nani."

"Likiwa langu?"

"Hatulipi. Si umeharibu kazi mwenyewe?"

"Likiwa la mwajiri?"

"Tunamshitaki, kaka! Hatutamwacha hivihivi mtu aliyekufukuza kwa uonevu. Tutamfilisi!"

Mwinjaka alishukuru akatoka, akiwahurumia wote wawili, mwajiri na mwajiriwa.

Ilikuwa siku ya nane. Alizunguka mtaa mzima, na kila alipoingia alipewa kalenda, peremende, na hotuba yenye kituo cha hatari katikati. Yai la kushoto lilipasuka kwenye kampuni ya sita, meneja mauzo aliposema "kwa pamoja tunaweza". Alibakiwa na moja. Hapo ndipo alipoona, juu ya duka la kuuza ndoo na beseni, kibao kilichoandikwa kwa mkono: BIMA YA MKOPO PEKE YAKE. HATUUZI KITU KINGINE.

Ndani kulikuwa na meza moja, kabati moja la chuma, birika, na mwanamke mnene kiasi aliyejitambulisha kwa jina la Bi. Sihaba. Hakusimama kutoa hotuba. Alimwonyesha kiti.

"Yai hilo ni la nini, kaka?"

"Linanizuia nisikubali."

"Liweke mezani, lisivunjike bure. Kwangu hatupigi makofi, tunasaini kwa kalamu. Mkopo wa miaka mingapi? Wewe una miaka mingapi? Kazi gani? Baba yako aliacha kazi kwa ajili gani?"

Mwinjaka aliliweka yai mezani. Ndani ya siku nane alikuwa ameelezwa mambo ya kila mtu, na huyu alikuwa wa kwanza kumuuliza ya kwake. Akamwambia yote. Akamwambia mpaka habari za kaka na ile milango.

Bi. Sihaba aliandika bila kuguna. "Bila macho ni riale arobaini kwa mwezi. Yakiwemo macho, na kwa ukoo wenu, hamsini na mbili. Nakuongezea kwa sababu hatari ninaiona, sitakudanganya. Unalipa kwangu mwezi kwa mwezi, kila mwaka tunaiandika upya kwa bei ile ile, haiingii kwenye mkopo wala haizai riba. Ukiichoka unaiacha."

"Na usichokilipa?"

Alinyanyua uso, akamtazama kama mtu aliyejibiwa salamu. "Ukiacha kazi kwa uvivu silipi. Ukiwa na ugonjwa leo ukanificha, silipi, wala usije kunililia hapa. Mwezi wa kwanza wa janga ni wako, kuanzia wa pili ni wangu, mpaka miaka miwili. Nenda kwa daktari wa macho sasa hivi, akuandikie hali yako ya leo, urudi kabla sijafunga."

Daktari aliandika kwamba macho hayana kasoro. Jioni hiyo Mwinjaka na Somoe walipiga hesabu nyuma ya kalenda ya bure ya Ngao Kuu. Ukoo wa benki, mama, binti na mjukuu, pamoja na riba, ungewala karibu riale elfu thelathini na saba. Ya Bi. Sihaba, kwa miaka yote ishirini, haikufika elfu kumi na tatu.

"Na macho yamo?" akauliza Somoe mara ya tatu.

"Yamo. Ameandika kwa herufi kubwa. Nimesoma bila kioo."

Usiku ule Somoe alizungumzia tena mchicha.

*

Siku ya kumi lilikaa Baraza la Kulinganisha, yaani Bwana Ngwali nyuma ya meza yake, karani wa makofi pembeni, na upande wa pili Mwinjaka, Somoe, na Bi. Sihaba aliyebeba mkoba wa karatasi. Askari wa mlangoni alikuwa ameshamnyang'anya Mwinjaka yai lililobaki, akalisajili kama silaha. Kwa hiyo Somoe alimshika mumewe mikono yote miwili, akaibana magotini mwake.

"Kushikana mikono ndani ya benki," karani akaandika, "dakika ya kwanza."

Bwana Ngwali alianza kwa kusikitika. Alisema benki imeumia. Alisema makofi yale sita aliyasikia kwa masikio yake, yalikuwa makofi ya mtu mwenye furaha, na sasa ni nini kimeingia katikati? Alizungumzia shukrani, uzalendo, na paa la benki lililovuja. Mara nne alipandisha sauti na kunyamaza, na mara nne Mwinjaka alihema tu, vidole vikimpwita ndani ya viganja vya mkewe.

"Bima yetu," meneja akanguruma, "kwa miaka ishirini haijatetereka! Mfuko wake umejaa! Haujawahi kutoka humo hata riale moja!"

"Hilo nalo ndilo linalotutia wasiwasi, baba," akasema Somoe.

"Bibi, wewe hukukopa."

"Sikukopa, ila nitakaa ndani. Akipofuka huyu, nyayo zake nitazifanyia nini?"

Karani alikohoa cheko. Bwana Ngwali alimkazia macho, kisha akavuta fomu ya mwisho, Fomu ya Pingamizi. Huko Heko meneja anaruhusiwa kuikataa kampuni yoyote, mradi asome swali moja lililochapishwa juu ya fomu, na asipatikane wa kulijibu. Akinyimwa jibu, anagonga mhuri, na makofi ya mwanzo hubaki milele. Bwana Ngwali aliuchovya mhuri wa IMEKATALIWA katika wino, akaunyanyua hewani, akasoma kwa pumzi moja, macho yakiwa dirishani: "Jekunamtumwenyeakilitimamu..." na kikohozi kikameza yaliyobaki. Mhuri ukaanza kushuka.

"Samahani, bwana meneja," akasema karani. "Sikusikia. Nikiandika nisichosikia nafungwa."

Mhuri ukasimama kati ya hewa na karatasi. Tone la wino likaangukia tai. Mwinjaka aliliona tone lile vizuri sana, na akawaza kwamba pengine ni moja ya vitu vya mwisho atakavyoviona akiwa na nyumba yake.

Bwana Ngwali akasoma upya, kwa hasira, kila neno peke yake. "Je, kuna mtu mwenye akili timamu, anayeheshimika katika mji huu, ambaye amewahi kuikabidhi nyumba yake mwenyewe kwa kampuni hii?" Akaitupa fomu mezani. "Mnasikia? Kampuni ya meza moja! Juu ya duka la ndoo! Mama na birika lake! Mimi nina miaka thelathini katika fedha, nawajua watu wote wa maana wa mji huu, na nasema hayupo! Kama yupo, huyu mama amtaje, karani aandike!"

Karani akainua kalamu. Somoe alizidi kuibana mikono ya mumewe. Bi. Sihaba, ambaye tangu waingie hakuwa amesema zaidi ya salamu, alifungua mkoba wake, akatafuta taratibu kati ya karatasi, akatoa moja.

"Mambo ya mteja huwa namwambia mteja mwenyewe tu, Bwana Ngwali, na kwa bahati wewe ndiye unayeuliza: bima ya mkopo wa nyumba yako inaisha Ijumaa, nikuandikie tena, au mwaka huu unahamia benki?"